Si wamtengenezee tu bro figo ya kloni?

SWALI: Shikamoo dokta, bro wangu figo zimefeli, anasafishwa damu kila wiki na familia yote inataka mimi nimpe moja ila naogopa. Si wachukue seli zake wamkloni tu figo? (Mdogo mtu, Tabora)

JIBU: Marahaba. Kloni, yaani nakala ya kiumbe yenye vinasaba vilevile, haiko hivyo mdogo wangu, Dolly yule kondoo wa kloni wa Scotland aliyezaliwa 1996 alitoka mzima mzima na sufu zake, sio figo peke yake, kwa hiyo ukimkloni bro unapata kichanga, sasa nani atampasua mtoto achomoe figo? Ila cheki, figo ya kwanza kupandikizwa ikakubali, Boston 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana, yaani kloni ya asili kabisa, ndo maana mwili haukuikataa. Nyie sio mapacha, so mtapimwa damu na tishu, na hata mkiendana bro atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae kwa muda wote figo itakapokuwa inafanya kazi. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017. Wengi wanaishi poa tu na figo moja, ila hiyo presha ya familia siipendi hata kidogo! Omba kuongea na daktari peke yako, ukisema hapana ni hapana, na ukoo hauna haki ya kujua kwa nini.