Ya llego, ya llegó: mkazo mmoja ulionivua nguo Karatu

Juzi kijana mmoja wa Moshi kaniandikia: “Kaka, vitenzi vya Kihispania vinanitoa jasho. Wewe ulivishikaje?” Nimecheka, maana mimi vilinidhalilisha kwanza.

Msimu wangu wa kwanza wa kuongoza watalii wa Hispania tulilala Karatu. Tulikubaliana kutoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, tushuke kreta ya Ngorongoro mapema. Gari lilipofika nikawatumia ujumbe wa sauti: “Ya llego.” Nilimaanisha limeshafika. Nusu saa nzima nimesimama uani, injini inanguruma, wao ndani wanaongeza kahawa. Kumbe nimewaambia “niko njiani, nakaribia”. Limeshafika ni ya llegó, mkazo mwishoni. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi llegó inatutoka llego bila kujijua. Bosi akanisema mbele ya wageni. Kosa lilikuwa langu, sawa, lakini mbele ya wageni?

Haya, shika hicho hicho kimoja: llegar, kufika. Wakati uliopo, kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao, ni llego, llegas, llega, llegamos, llegáis, llegan. Uliopita ni llegué, llegaste, llegó, llegamos, llegasteis, llegaron. Sisi nafsi tunaitanguliza, ni-na-fika, ni-li-fika. Wao nafsi na wakati vyote wamevibandika mkiani, kwa hiyo ukiumeza mkia umemeza kila kitu. Llegamos ni tunafika na ni tulifika pia. Sikiliza kama kuna ayer, yaani jana. Ile u ya llegué haitamkwi, inailinda g isigeuke kh. Halafu ipo llegaba, “nilikuwa nikifika”, ya mambo ya mazoea. Hiyo iache kwanza.

Na ninyi mnaokariri vitenzi mia kwa macho, mnajidanganya. Tamka! Mimi niliimba llego, llegó nikiosha gari, wenzangu wakaniita kichaa. Leo haohao wananipigia simu niwasemeze wageni wao. Acheni aibu, tamkeni kwa sauti, kisha tamkeni tena.

Mwezi uliopita, Karatu ileile, nikatuma: “Ya llegó.” Wakatoka wote sita, mmoja mkate ungali mdomoni.