Desibeli 46 na 52 zilizopimwa kwa umbali tofauti

Ndugu, unauliza kama PlayStation 4 yako, iliyosoma desibeli 46 kwenye simu, ina feni tulivu kuliko ya jirani yako iliyosoma 52. Kwa vipimo ulivyoeleza haiwezekani kuamua, kwa kuwa wewe uliiweka simu mita moja kutoka kwenye mashine ilhali yeye aliiweka nusu mita tu. Sauti ya chanzo kidogo hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, ingawa chumbani, ambamo kuta huirudisha, hupungua kwa chini ya hapo. Kwa hiyo huenda tofauti yenu yote imeletwa na umbali.

Pimeni upya kwa simu moja, maana maikrofoni za simu hazilingani, mkianza na chumba chenyewe mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa matatu za barabarani zinakifikisha chumba desibeli 42, mtakuwa mnapima Nairobi wala si feni; ngojeni usiku wa manane, hadi kelele ya chumba iwe chini ya ile ya mashine kwa angalau desibeli 10. Feni hufuata joto, hivyo chezeni sehemu ileile ya mchezo uleule kwa nusu saa kabla ya kusoma kipimo, na kama diski inazunguka, subirini inyamaze.

Vipimo vya feni vilivyochukuliwa London msivitegemee sana: hapa Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hivyo feni hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi.