Kitenzi "burke" kimetokana na jina la muuaji wa Edinburgh

Mleta mada amekutana na sentensi "the question was burked" kwenye kitabu cha zamani cha historia ya Uingereza, na mchangiaji mmoja kamwambia ni makosa ya uchapaji. Hapana, si makosa: "burke" ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuzima jambo kimyakimya. Mimi natafsiri nyaraka za zamani za Kiingereza, na kitenzi hiki nimekikuta mara kadhaa.

Chanzo chake ni William Burke. Mwaka 1827 mpangaji mmoja alifia kwenye nyumba ya mwenzake, William Hare, huko Edinburgh, Scotland, akiwa na deni la pauni 4. Burke na Hare wakampelekea maiti Dkt. Robert Knox, mwalimu wa anatomia (elimu ya maumbile ya mwili), wakalipwa pauni 7 na shilingi 10. Enzi hizo maiti halali za kufundishia zilikuwa chache mno, kwa hiyo mnunuzi hakuuliza mengi. Wale wawili wakaona hakuna haja ya kusubiri mtu afe. Ndani ya mwaka mmoja hivi waliua watu 16.

Walimnywesha mtu wiski mpaka alegee, mmoja akamlalia kifuani, mwingine akamziba pua na mdomo. Hakuna damu wala jeraha, na maiti inafika kwa daktari ikiwa nzima. Maana yote ya kitenzi imebebwa hapo.

Walipokamatwa, Hare aligeuka shahidi wa serikali, akaachiwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, umati ukipiga kelele "Burke him!", yaani naye azibwe pumzi kama alivyowaziba wenzake. Mwili wake ukapasuliwa na madaktari, na mifupa yake ipo Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi leo.

Kutoka kuziba mtu pumzi, neno likahamia kwenye hoja, ripoti na uchunguzi. Nimeona watafsiri wakiandika "hoja ilikataliwa", na hilo silikubali hata kidogo. Hoja iliyokataliwa walau ilisikilizwa, na aliyeikataa anajulikana. Hoja iliyofanyiwa "burke" haikupewa hata nafasi ya kusemwa, na aliyeiua hakuacha alama. Mimi huandika "hoja ilizimwa chinichini", na kwa sentensi yako ningeweka hivyo hivyo.

Pia usimchanganye na Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi aliyefariki 1797. Huyo hahusiki kabisa na kitenzi hiki.