Muulize Fundi: Chuma cha Zamani Kwenye Mashine ya Kujazia Risasi

Toleo hili maswali ya mashine za kujazia risasi za shotgun yamezidi hata ya bunduki zenyewe, sa nimechagua matatu, na la kwanza ndo limenila nafasi kubwa. Kabla ya yote, kama sheria ya unakoishi inadai kibali cha kujaza risasi mwenyewe, kiwe mkononi kwanza ndo tuongee habari za bolti.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya MEC 600 Jr ya geji 12, inafanya kazi vizuri tu ila plastiki plastiki zake zinaniudhi. Sasa nimepata boksi la spea za zamani za chuma, kuna mkono, linkeji na pini zake, baa ya kupimia baruti na marisawa (zile gololi ndogo ndani ya risasi), bomba la kudondoshea, chupa mbili za bati na vidole vya bati vya kuongozea wadi (kile kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisawa). Jamaa tunaopiga nao sahani za udongo ananiambia ya kale ni dhahabu, toa plastiki yote funga chuma. Nifunge vyote? — Mpiga Sahani

JIBU: Marahaba. Huyo jamaa yako yuko sahihi nusu tu. Chuma kiende pale penye nguvu na penye kunyooka, yani mkono, linkeji, pini na bushi zake. Hapo ukifunga kitu kigumu utaona tofauti siku hiyo hiyo, manake ganda (risasi iliyokwisha pigwa, inayojazwa upya) likiwa linabanwa kurudi saizi yake mashine nzima inavutwa, na pini ikiwa na pleyi hata kidogo tu ganda linaingia kwenye dai (kile kipande cha chuma kinacholibana) limeegemea upande, alafu unakuja kulaumu mkunjo wa mdomo wakati kosa liko chini kabisa. Shusha mkono polepole bila baruti wala fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), weka jicho usawa wa ganda, uangalie kama linaingia katikati au linagusa ukingo mmoja kwanza. Likigusa, usikimbilie dai, anza na pini.

Vidole vya wadi acha vya plastiki, na hapo sibishani na mtu. Kazi yake ni kupinda, vinaingia mdomoni mwa ganda vinatanuka wadi inapita vinarudi. Ukiweka bati gumu litakwangua mdomo wa ganda au litakunja pembe za wadi, na wadi ikikaa upande baruti inapanda pembeni yake, hiyo risasi ikilia puu badala ya paa na wadi ikabaki ndani ya mtutu, risasi inayofuata ndo inapasua mtutu. Vidole vipya vya plastiki ni spea ya bei rahisi, nunua viwili viwili ukae navyo.

Chupa za bati pia weka kabatini. Chupa inayoona ndani inakuonyesha baruti imebaki kiasi gani na kama imeganda juu bila kushuka, bati halikuonyeshi kitu, utajikuta unajaza risasi tupu huku unapiga mluzi. Ila kuna jambo moja la kweli kwenye malalamiko ya plastiki: baruti isiyo na moshi, hasa ile yenye nitroglaserini, inakula baadhi ya plastiki ikilazwa humo muda mrefu. Dawa yake ni kuirudisha kwenye kopo lake la kiwandani kila ukimaliza kazi, na hilo linakusaidia pia usije siku nyingine ukakuta chupa ina baruti ukashindwa kujua ni aina gani, manake baruti usiyoijua haijazwi popote, inamwagwa.

Bomba la kudondoshea la chuma, sawa, lifunge. Hewa ikiwa kavu plastiki inashika umeme tuli na vipande vya baruti vinaganda ukutani mwa bomba, chuma hakina tabia hiyo sana. Hakikisha tu ndani ni laini, pitisha kitambaa kikavu kwenye kijiti ukisikiliza kama kinakwama mahali, ukikuta makwaruzo tumia msasa laini kabisa.

Sa baa ya kupimia. Hapa ndo nataka utulie. Baa ya zamani ina tundu la marisawa lililochongwa kwa uzito fulani, na inawezekana kabisa yako ya sasa ni ya aunsi 1 na 1/8 (karibu gramu 32) na hiyo ya kwenye boksi ni ya aunsi 1 na 1/4 (karibu gramu 35), kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukiweka marisawa mazito juu ya baruti ile ile presha inapanda, na bunduki haitakupigia simu kukuonya. Soma namba iliyogongwa kwenye baa, alafu usiiamini, pima. Dondosha marisawa mara 10 uweke kila mdondosho kwenye mizani, fanya hivyo hivyo kwa baruti kwa kutumia bushi unayotaka (si ile ya pini, ni kile kipande chenye tundu kinachokaa kwenye baa kupima baruti), kwa mwendo ule ule wa mkono utakaoutumia kazini, kwa sababu ukipiga mkono kwa nguvu baruti inajipanga zaidi na inadondoka nyingi. Jedwali la bushi ni mahali pa kuanzia tu, mizani ndo yenye neno la mwisho, na kipimo chenyewe ukitoe kwenye kitabu cha kiwanda cha baruti: ganda lile lile, fataki ile ile, wadi ile ile. Na kama tundu la baa limechongwa kwa marisawa ya plumbi usilitumie kwa marisawa ya chuma, ni habari nyingine kabisa yenye wadi zake na vipimo vyake.

Bolti nazo. Mashine hizi zimetengenezwa Marekani kwa inchi. Bolti ya M8 (ya milimita 8) inaingia kwenye tundu la 5/16 ya inchi mizunguko miwili mitatu mizuri kabisa, alafu inakaza, na watu wengi hapo wanaongeza spana. Ukiongeza spana umekula nyuzi. Umbali wa nyuzi kwenye M8 ni milimita 1.25, kwenye 5/16 ya kawaida ni kama 1.41, haziwezi kukubaliana.

SWALI: Fundi mambo, spea zangu zina kutu, naziloweka kwenye nini? Na nipake oili gani? — Kutu Kila Mahali

JIBU: Poa. Mafuta ya taa usiku mmoja, brashi ya waya wa shaba, futa, kausha. Oili nyepesi kwenye pini na nguzo, tone moja, futa linalozidi. Njia ya baruti na sehemu ya fataki zibaki kavu kabisa, oili inaua fataki na inaharibu baruti. Ukitaka kitu kiteleze hapo tumia unga wa grafiti. Ukishamaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, mabaki ya plumbi kwenye mashine ya zamani yapo tu hata usipoyaona.

SWALI: Habari fundi, badala ya kubadilisha spea si bora ninunue mashine nzima ya zamani ya chuma? Nimeona Pacific 366 mtu anauza. — Bado Nawaza

JIBU: Nzuri, na wazo lako si baya. Hornady waliinunua kampuni ya Pacific mwaka 1971, na hiyo 366 ndo ile ile iliyokuja kuitwa Hornady 366 baadaye, kwa hiyo spea za jina moja mara nyingi zinaingia kwenye jingine. Ila ni mashine ya kuzunguka, kila ukivuta mkono maganda kadhaa yanafanyiwa kazi kwa pamoja, kosa moja linajirudia haraka kuliko kwenye mashine ya ganda moja moja.

Unapokagua mashine ya zamani angalia sana sehemu za kumiminwa za zinki. Zinki ya zamani ikiwa ilichanganyika na plumbi kidogo tu inaoza kutoka ndani: inavimba, inapata mipasuko myembamba kama utando wa buibui, mwisho inamegeka kwa kidole. Hiyo haiungiki kwa welding wala kwa gundi. Kwa hiyo mwambie muuzaji akutumie picha za karibu za kila kipande cha kijivu, zipigwe mchana nje, na rangi mpya iliyopakwa juu juu iulize kwanza kabla hujatoa hela.