Nyuzi za gitaa na chumvi ya Tanga

Wadogo zangu mnaoanza gitaa hapa Tanga, lalamiko lenu ni lile lile: gitaa halikai kwenye tyuni, yaani sauti za nyuzi hazikai sawa. Na kila mara lawama zinakwenda kwenye vigingi vya kukazia. Vigingi vibovu vipo, hasa kwenye magitaa ya bei ya chini, lakini mara nyingi vinasingiziwa. Tatizo ni uzi wenyewe na namna ulivyofungwa.

Kabla ya kwenda dukani, jua una gitaa gani. Kama nyuzi zinafungwa fundo kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na kichwa kina matundu mawili marefu, hilo ni la nailoni, basi lifunge nailoni. Seti ya chuma namba 12 ikikazwa sawasawa huvuta kwa zaidi ya kilo 70 kwa jumla, wakati nailoni huvuta kama kilo 40. Ukitia chuma kwenye gitaa la nailoni, ubao wa mbele unavimba na daraja linaweza kung'oka. Muuzaji atakwambia nyuzi zote ni nyuzi. Mwache aseme.

Hiyo namba ya seti ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa gitaa kavu (lisilo la umeme) la nyuzi za chuma, anza na 10 au 11. Namba 12 ina sauti nene lakini vidole vichanga vitalia. Kwa gitaa la umeme, 9 au 10. Mimi napiga 10, maana kwenye 9 mkono ukishachangamka jukwaani unabonyeza kwa nguvu na sauti inapanda bila wewe kutaka. Jina la kampuni lisikuumize kichwa sana.

Kinachopaswa kukuumiza kichwa ni bahari. Mji huu umelea bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, lakini hewa yake haimpendelei mpiga gitaa. Ukikaa Raskazone, au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, chumvi na unyevu vinakula chuma hata kama hujaligusa gitaa. Jasho la vidole linamalizia kazi. Uzi ukishapata kutu unene wake haulingani tena toka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo tyuni inapokuchezea: ukiupiga mtupu, bila kuubonyeza, uko sawa, ukibonyeza freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyolazwa kwenye shingo) umepotea. Freti ya 12 iko karibu nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo pale lazima usikie sauti ile ile, juu zaidi. Ukisikia vingine kwenye uzi uliochakaa, acha kuhangaika na vigingi, badilisha uzi. Kipimo kingine: pitisha kidole chini ya uzi, upande unaogusa freti. Ukikwaruza, umekwisha.

Basi nawa mikono kabla ya kushika gitaa, hasa kama umetoka kula mihogo ya kukaanga. Ukimaliza kupiga, futa kila uzi kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu, juu na chini, kisha lirudishe gitaa kwenye mfuko wake. Usipake mafuta ya nazi, yanakamata uchafu. Nyuzi zilizopakwa utando wa kinga ni ghali, lakini kwa mtu wa pwani bei yake inarudi.

Kufunga sasa. Badilisha uzi mmoja mmoja. Acha ulegevu wa kutosha ili uzi uzunguke kigingi mara mbili au tatu kwa nyuzi nene, zaidi kidogo kwa nyembamba, kila mzunguko ukikaa chini ya uliotangulia. Kisha uvute taratibu kwa mkono, utyuni, uvute tena, utyuni tena, mpaka uache kushuka. Watu wengi hawafanyi hivi, halafu wanashangaa wimbo wa kwanza haujaisha gitaa limeshalegea. Nailoni ina ukaidi zaidi, hunyumbuka kwa siku kadhaa, ivumilie. Ukisikia mlio wa "tik" unapokaza, uzi unanasa kwenye mfereji wa kile kipande cha juu ya shingo. Sugua mfereji huo kwa ncha ya penseli.

Unapotyuni, fika kwenye sauti kutoka chini ukipanda. Ukiipita, shuka chini yake kabisa, upande tena. Ukiishia kwa kulegeza, uzi utaendelea kuteleza. Programu ya simu inatosha, mradi imewekwa A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha sauti. Bila simu, anza na uzi mnene, bonyeza freti ya 5 upate sauti ya uzi mwembamba unaofuata, isipokuwa kutoka uzi wa tatu (G) kwenda wa pili (B), hapo ni freti ya 4. Kwenye bendi yenye kinanda, wote fuateni kinanda.

Joto nalo liangalie. Gari lililoegeshwa juani wakati wa kaskazi si mahali pa gitaa. Na mkialikwa harusini Lushoto, baridi ya kule hukaza nyuzi za chuma na sauti hupanda, kwa hiyo tyuni ya huku mjini Ngamiani haitafaa. Toeni magitaa kwenye mifuko mapema, yapoe kwanza ndipo mtyuni, na mbebe uzi wa kwanza wa akiba, maana huo ndio hukatika ovyo na huko mlimani msitegemee duka.