Mwana wa muadhini na ova moja ya Karachi

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita limenikera, na nitawaeleza kwa nini. Mliuliza: "Mshika mbili moja humponyoka. Je, kijana mwenye vipaji viwili ashauriwe kuchagua kimoja mapema?" Nina mpwa wangu hapa Mombasa, mtoto wa dada yangu, bado yuko sekondari. Anarusha mpira wa kriketi kwa mkono wa kushoto, na akishika gongo anapiga vizuri vilevile. Mwalimu wake wa michezo ameshamwambia achague. Babake naye amemsomea methali hiyohiyo tukiwa mezani tunakula, na kijana wa watu akainamia sahani yake asijibu kitu. Sasa nafungua gazeti nipumzike, naikuta tena.

Mimi nasema methali hiyo inaonea watu. Siku kijana anaposhika mbili zikakaa, hakuna anayeikumbuka. Siku hiyo anaitwa hodari na watu wanapanga foleni kupiga picha naye. Methali hutolewa kabatini siku kimoja kikianguka, na wanaoitoa ni walewale waliokuwa wakipiga makofi. Wala hakuna anayeuliza ni nani aliyemtwika kile cha pili. Hilo ndilo swali nitakalojibu, mniwie radhi kama silo mlilouliza.

Mfano wangu ni Irfan Pathan wa India. Wanaofuata kriketi wameshajua naelekea wapi. Kwa wenzangu wa kandanda pekee: katika kriketi kuna anayerusha mpira, mipira sita kwa ova moja, na kuna anayeupiga, na wanaoweza yote mawili kwa kiwango cha timu ya taifa ni wachache mno. India ilikuwa naye mmoja mkubwa, Kapil Dev, aliyestaafu mwaka 1994 akiwa na wiketi 434 (wapigaji aliowatoa) na mikimbio 5,248 (pointi za kupiga) katika mechi za testi, yaani zile za siku tano. Tangu hapo, kila kijana wa Kihindi aliyerusha kwa kasi kidogo na kuuvusha mpira mpaka mara mbili tatu, alitangazwa kuwa Kapil mpya. Hiyo njaa ya nchi nzima iwekeni akilini.

Irfan alizaliwa Vadodara, jimbo la Gujarat, tarehe 27 Oktoba 1984. Babake alikuwa muadhini wa Jumma Masjid katika mtaa wa Mandvi, na familia ikiishi humohumo msikitini, chumbani. Watoto walifagia msikiti. Wazazi walitamani yeye na kakake Yusuf wawe maulamaa. Sisi wa pwani hatuna haja ya kusimuliwa maisha hayo: muadhini anaheshimiwa na kila mtu, analipwa kidogo, na wanawe hucheza mpira uani baina ya alasiri na magharibi huku jicho moja liko kwenye vioo vya madirisha. Aliyemshika mkono kimchezo ni mzee Datta Gaekwad, aliyewahi kuwa nahodha wa India. Yusuf naye alifika timu ya taifa, na nitamrudia.

Mwishoni mwa 2003 Irfan alikwenda Pakistan na timu ya vijana, akawatoa wachezaji tisa wa Bangladesh kwa mikimbio 16 tu. Muda si muda, tarehe 12 Desemba, yuko Adelaide na timu kubwa, umri miaka 19, anawarushia Waaustralia. Wiketi yake ya kwanza ya testi ikawa ya Matthew Hayden, mtu ambaye miezi miwili nyuma alikuwa amepiga mikimbio 380 katika zamu moja dhidi ya Zimbabwe. Mwaka uliofuata India ikazuru Pakistan, na kocha wa wenyeji, Javed Miandad, akasema warushaji kama Irfan wamejaa katika vichochoro vyao. Ilimuuma sana babake kusikia hivyo. Angalieni basi: mpaka hapo hakuna aliyekuwa akizungumzia kupiga kwake. Alikuwa mrushaji. Alisifiwa kwa kurusha, na alitukanwa kwa kurusha.

Sasa Karachi. Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Januari 2006. Tulikuwa sebuleni kwa jirani yetu, mzee wa asili ya Kutch mwenye duka la vitambaa, kwa sababu dishi lilikuwa lake. Mbaazi kwa mahamri mezani, chai ya iliki kwenye chupa. Mzee alikuwa India damu damu. Binamu yangu, ambaye mamake ni Mbaluchi, alikuwa Pakistan, akaketi karibu na mlango kama kawaida yake, ili mambo yakiharibika atoke bila kuaga. Ilikuwa testi ya tatu ya ziara nyingine ya India huko Pakistan; mbili za kwanza, Lahore na Faisalabad, zilikwisha sare kwenye viwanja vilivyokufa kama sakafu ya hoteli. Lahore pekee, wapigaji wa India Virender Sehwag na Rahul Dravid walikusanya mikimbio 410 kabla ya yeyote kati yao kutolewa. Karachi kulikuwa na majani kidogo. Dravid, nahodha, alishinda shilingi akaamua kurusha kwanza.

Irfan akapewa ova ya kwanza. Mipira mitatu ya kwanza haikuzaa kitu. Binamu akajimiminia chai. Mpira wa nne ukamtoka Salman Butt kuelekea nje, ukagusa ukingo wa gongo, na Dravid aliyesimama nyuma yake akaudaka. Mzee akapiga goti lake kofi moja. Akaingia Younis Khan. Mpira wa tano ukaja ndani, ukampiga mguuni mbele ya vijiti, mwamuzi akainua kidole. "Guu lilikuwa nje!" binamu akapiga kelele. "Kaa kitako, mwanangu," mzee akamwambia bila kumtazama, "kidole kishapanda."

Mpira wa sita niruhusuni niueleze polepole. Aliyeingia alikuwa Mohammad Yousuf, na si mtu wa kuchezea. Mwaka uohuo wa 2006 ndio aliokusanya mikimbio 1,788 ya testi, na hakuna aliyewahi kufikisha hiyo katika mwaka mmoja. Mpira mpya wa kriketi una pande mbili zinazong'aa na mshono katikati. Mrushaji akiushika mshono umesimama wima na kifundo cha mkono kikakaa nyuma yake sawasawa, hewa huusukuma upande mmoja. Wengi wanaweza kuupinda. Kazi ni kuupinda ukiwa umechelewa, mpigaji ameshaamua mguu unakwenda wapi. Ule wa Irfan ulitoka mkononi kama utapita nje kabisa. Yousuf akautolea gongo, mguu ukabaki nyuma kidogo, na baina ya gongo na mguu pakawa na mlango. Mpira ukakata kona, ukapita mlangoni, ukavunja vijiti. Pakistan sifuri, watatu wametoka, ova moja.

Walirudia kuonyesha mpaka mbaazi zikapoa. Watangazaji ndio waliotwambia kwamba tangu testi zianze mwaka 1877 hakuna aliyewahi kupata hatitriki, yaani wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, katika ova ya kwanza ya mechi. Kwa India ilikuwa hatitriki ya pili ya testi tu. Ya kwanza Harbhajan Singh aliipata Kolkata mwaka 2001. Binamu alikuwa ameshika kikombe asikinywe. Mzee alisimama, akaizunguka meza, akasema kwa sauti ambayo naisikia hata sasa ninapoandika: "Na bado hajapiga! Subirini ashike gongo!"

Sote tukaitikia, na binamu yangu akiwemo, maana alijua. Siku chache kabla, Faisalabad, Irfan alikuwa amepiga 90, yeye na Mahendra Singh Dhoni wakaitoa India matatani. Desemba yake, mjini Delhi, Sehwag alipougua, alitumwa kufungua zamu akarudi na 93. Oktoba, katika mechi ya siku moja Nagpur, alipelekwa nambari tatu akapata 83. Kwa hiyo dakika ileile alipofanya jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya kwa kurusha, sisi tulikuwa tunaulizana ngapi atapiga. Miaka yote nimekuwa nikisimulia hatitriki hii na kuliruka neno la mzee kama kichekesho. Leo, nikiwa na swali lenu mbele yangu, naliona ndilo jibu. Mzigo wa pili hutwikwa na wanaokupenda, tena wakati unang'ara kwa wa kwanza.

Mechi yenyewe? Pakistan wakafika mikimbio 39 huku sita wametoka, halafu Kamran Akmal akapiga 113 kutoka chini kabisa, wakamaliza na 245. Irfan alichukua wiketi tano kwa mikimbio 61. India ikajibu 238. Zamu ya pili Pakistan wakapiga 599 kwa saba wakaifunga zamu wenyewe, na India ikapigwa kwa mikimbio 341. Binamu alirudi kwenye kile kiti kila siku, na kila siku akikisogeza mbele kidogo, mpaka siku ya nne alikuwa amekaa kwenye kochi la mzee.

Baada ya hapo kasi ilianza kupungua, na mpira ukawa haupindi kama zamani. Mwishoni mwa 2006 alirudishwa nyumbani katikati ya ziara ya Afrika Kusini akacheze ligi za ndani. Watu wakamtafuta mchawi, wakampata Greg Chappell, kocha Mwaustralia aliyeanza kazi 2005: eti yeye ndiye aliyemwambia mrushaji awe mpigaji. Mimi mwenyewe ningependa iwe hivyo, hoja yangu ingekaa vizuri zaidi. Lakini Irfan amelikana hilo hadharani, si mara moja, na amesema wazo la kumpeleka nambari tatu lilikuwa la Sachin Tendulkar, aliyemshauri Dravid. Basi hata mtwikaji hatumpati. Kocha, nyota wa timu, nahodha, mzee wa vitambaa: kila mmoja aliongeza kidogo.

Na hapa ndipo hoja yangu inapoanza kunisumbua, kwa sababu ushahidi hautulii upande mmoja. Septemba 2007, fainali ya Kombe la Dunia la ova ishirini, Johannesburg, dhidi ya Pakistan: Irfan tatu kwa 16, mchezaji bora wa mechi, na kakake Yusuf akicheza siku hiyo mechi yake ya kwanza kabisa ya kimataifa. Desemba hiyo Bangalore, akapiga 102, karne (mikimbio mia) yake pekee ya testi. Januari 2008 Perth, wiketi tano kwa jumla, mikimbio 28 na 46, mchezaji bora, na Australia iliyokuwa imeshinda testi 16 mfululizo ikaangushwa. Hiyo ni mikono miwili imeshika viwili barabara. Yusuf naye alirusha na kupiga maisha yake yote na hakuna aliyemwimbia maombolezo.

Hata hivyo Aprili 2008, Ahmedabad, Irfan alicheza testi ya mwisho. Alikuwa na miaka 23. Testi 29, wiketi 100, mikimbio 1,105. Majeraha yakafuata, akawa anaingia na kutoka. Agosti 2012 huko Pallekele, Sri Lanka, alichukua tano kwa 61, hesabu ileile ya Karachi, akawa mchezaji bora, na hakucheza tena mechi ya siku moja ya kimataifa. Akatangaza kustaafu Januari 2020. Mtu akiniambia gongo halihusiki na mwili uliochoka, nitamsikiliza. Akiniambia halihusiki kabisa, nitamwomba atazame tena ule mpira wa sita, kisha atazame mipira aliyorusha mwaka mmoja baadaye.

Huku kwetu Thomas Odoyo alirusha na kupiga kwa ajili ya Kenya miaka mingi, na sikumbuki mtu akimwambia achague. Labda ni kwa kuwa hatukuwa na wa kumbadilisha. Timu yenye watu wachache humwacha mtu awe vyote kwa amani. Yenye watu bilioni humpima kwa kila kimoja, kila wiki.

Kwa hiyo mpwa wangu. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimeazimia kumwambia ashike vyote viwili na asiwasikilize wakubwa. Sasa nitamwambia arushe. Apige ikifika zamu yake, apige kwa furaha, lakini mazoezi ya asubuhi yawe ya kurusha, na mtu akimsifu kwa kupiga aseme ahsante ajiendee. Najua nimeishia pale alipo shemeji yangu, na hilo halinifurahishi. Tofauti yetu ni kwamba yeye anamwambia kijana achague, mimi nawaambia walio pembeni wanyamaze kwanza. Tena nasema hivi kwa kurusha tu, ambako mgongo na bega vina kikomo. Mwenye sauti na hesabu, au cherehani na kalamu, simo katika shauri lake. Na mpwa wangu akipiga karne mwezi ujao, huenda nikawaandikia tena kinyume.

Mhariri, najua nimezidisha. Mkipunguza, punguzeni popote, ila ova ya Karachi iacheni ilivyo.

Msomaji wenu, Mombasa