Zile dola kumi za MMEM ziliishia wapi?

Swali lenu la wiki hii linasema: utandawazi umeisaidia shule ya umma kwenye nchi kama zetu au umeiua, na mtoto wa maskini bado ana haki ya kusoma? Mimi ni mzazi wa Tanzania, watoto wangu wapo shule ya msingi ya serikali, naombeni nianzie kwenye hela maana kwingine kote tunazungukazunguka tu.

Watu wakisikia utandawazi wanawaza simu na intaneti. Shuleni kwetu uliingia mapema kuliko hapo na wala haukuja na kompyuta, ulikuja na masharti ya wakopeshaji wa nje. Kabla yake, 1974, TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikaa Musoma ikaamua kila mtoto asome, ikajipa hadi 1977, walimu wengine walikuwa wamemaliza la saba juzi tu lakini watoto waliingia darasani. Halafu uchumi ukakwama, mafuta yamepanda, vita ya Kagera imekomba hazina, mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na dawa ikawa ile ile waliyopewa na wenzetu kibao Afrika, kaza mkanda, mwananchi achangie huduma. Miaka ya tisini ada na michango ilikuwa kawaida kabisa, mzazi asiyekuwa nayo anabaki na mwanawe nyumbani, na kiwango cha uandikishaji kikashuka. Yaani tulichokipata tukiwa hoi tukaja kukipoteza kwa ushauri wa wataalamu.

Ila nisiwaonee. Hao hao walitupa nafuu ya madeni 2001, Benki ya Dunia ikakopesha, ada ya msingi ikafutwa na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza 2002, darasa la kwanza likafurika mpaka watoto wanakaa chini. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. MMEM ilisema kila mtoto apelekewe dola 10 kwa mwaka za vitabu, chaki na kuendesha shule, hiyo ndo kapitesheni. Wakati ule dola 10 ni kama elfu kumi yetu. Haya, Magufuli kaingia, umetoka Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, Januari 2016 elimu bila malipo hadi kidato cha nne, tukashangilia, na mimi nilishangilia. Kapitesheni ya msingi ikawa ni elfu kumi ile ile! Miaka kumi na nne ilikuwa imepita tangu MMEM ianze, sasa hiyo elfu kumi haifiki hata dola 5, na humo elfu nne inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inashuka elfu sita. Mia tano kwa mwezi kwa mtoto. Chaki inapanda bei na dola, karatasi hivyo hivyo, ahadi peke yake ndo imeganda kwenye shilingi.

Ndo maana ukienda kikao cha wazazi mwalimu mkuu hatamki neno mchango, anaogopa, anasema "makubaliano ya wazazi". Tunakubaliana hela ya mlinzi, ya uji, ya rimu za mitihani. Simlaumu, mtihani hauchapwi kwa waraka. Lakini angalia nani yupo kwenye hicho kikao, mama ntilie, bodaboda, bibi analea wajukuu. Mwenye duka la jumla hayupo, bwana afya hayupo, na baadhi ya walimu wenyewe watoto wao asubuhi wanapanda basi la njano kwenda English medium, kwa sababu dunia inataka Kiingereza na sekondari yote ni Kiingereza, mtoto wangu anayesoma kwa Kiswahili atakutana nacho kidato cha kwanza kama kapigwa na shoti. Siwashangai. Ila wameondoka na sauti zao, hao ndo walikuwa wanaweza kumpigia simu diwani akapokea.

Na haki yenyewe? Katiba yetu ibara ya 11 inaitaja elimu vizuri tu, halafu rudi ibara ya 7(2) usome, hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama serikali imetekeleza mambo ya sehemu hiyo au la. Wakenya katiba yao ya 2010 ibara ya 53 inampa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, wakibanwa wanaenda mahakamani. Sisi tunaenda kwenye makubaliano ya wazazi.

Kwa hiyo jibu langu, utandawazi haukuiua shule ya umma, uliifanya iwe ya wasio na pa kwenda, na hilo tumelikubali wenyewe hapa hapa. Najua mtauliza hela itoke wapi. Mimi naomba kitu kidogo tu kwanza, kapitesheni ipande kila mwaka kufuata bei ya vitu sokoni, na ibara ya 11 itolewe kwenye kivuli cha ile ya 7. Nyie wa mabasi ya njano endeleeni kulipa, hela ni yenu, ila kwenye vikao vya bajeti ya shule zetu msitwambie elfu sita inatosha.